Chupa Ambazo Hazikurudi

Niko kidato cha tatu na mimi ni mtu wa kunyamaza. Mwalimu akiuliza swali huwa najua jibu, lakini naangalia dawati. Ndiyo maana wenzangu walicheka mwalimu wa kilabu cha mazingira aliponipa kazi ile. Mwanamke mmoja wa Nakuru mjini anayetengeneza mafuta ya ngozi alikuwa ameomba shule yetu ipime kama biashara yake inaumiza mazingira. Alisema hataki kusifiwa, anataka ukweli. Mwalimu akasema huyu asiyeongea ndiye anaandika vizuri, apewe yeye.

Na tena mafuta hayo nilikuwa nayajua. Shosho, mama ya mama yangu, ambaye nilikuwa naishi naye, aliyauza kwenye kibanda chake cha mboga hapa karibu na Gilgil. Yalikuja kwa chupa ndogo za kioo zenye kifuniko cha bati. Pembeni mwa vitunguu kulikuwa na kreti ya mbao iliyoandikwa kwa rangi ya kijani: RUDISHA CHUPA HAPA. Ukirudisha tupu, unapunguziwa bei ya mpya. Shosho aliipangusa hiyo kreti vumbi kila asubuhi kabla hajagusa hata sukuma wiki. Kila mwisho wa mwezi mwenye biashara alikuja kuchukua chupa, na akija alikuwa anakaa kwa stuli, wanakunywa chai na shosho, wanaongea mambo ya magoti na mvua. Tangu guka, mume wake, afariki, huyo ndiye mgeni pekee aliyekuwa anakuja kukaa.

Nilifikiri nimefanya kazi nzuri. Niliandika kuhusu udongo mweupe wa kule Kariandusi wanaouchanganya kwenye dawa ya kusugua uso, kwamba ukishachimbwa haurudi, na vumbi lake linavyoingia kifuani mwa wachimbaji. Niliandika kuhusu lebo na gundi yake. Halafu nikafika kwa chupa. Kwa wiki tatu nilichungulia kreti kila jioni. Shosho aliuza kila siku, lakini zilizorudi zilikuwa mbili kwa siku, siku nyingine hakuna.

Hapo ndipo nilipofaa kuuliza. Wateja ni akina mama wa hapa hapa, wananijua tangu nikibebwa mgongoni. Ningesema tu, mathe, ile chupa uliipeleka wapi? Lakini nikifikiria kusimama mbele ya mtu na kumuuliza, shingo inapata moto. Nikaenda kwa shimo la takataka nyuma ya soko, nikaangalia, sikuona chupa hata moja, nikaamua zimefunikwa na majivu. Usiku huo, nikila yai la kuchemsha na chumvi pale mezani jikoni, niliandika: Wateja hawajali. Chupa nyingi hutupwa. Mpango wa kurudisha haufanyi kazi.

Nilimsomea shosho ripoti yote kabla ya kuipeleka. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilipofika kwa chupa, mkono wake ulisimama kidogo.

"Na hivyo ndivyo atasoma?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Sawa, mami. Wewe ndiye umesoma."

Mwenye biashara alinishukuru sana. Alisema kioo ni kizito, kinamla petroli kukisafirisha, na kama watu wanakitupa basi afadhali paketi. Mwezi uliofuata alileta paketi za plastiki zinazong'aa na akaondoka na kreti. Si mtu mbaya. Alimsalimia shosho kwa mikono miwili, lakini hakukaa, kwa sababu hakukuwa na chupa za kusubiri zihesabiwe. Baada ya hapo alimtuma dereva.

Mvua ilipokuja, paketi zilikuwa zimenasa kwa ua wa miiba ya kayaba kuanzia sokoni mpaka kwetu. Shosho alikuwa anaziokota akienda kibandani. Asubuhi bado alikuwa anapangusa ile nafasi ya kreti, mbao tupu za kibanda, halafu anakumbuka na kuacha kitambaa.

Shosho hakufa kwa sababu ya kreti, najua. Daktari alisema ni moyo. Lakini nilimwona ile miezi ya mwisho, akigeuza shingo kila gari linapopunguza mwendo.

Siku ya kutayarisha mazishi, wanawake wa kikundi chake, wengi wao wateja wake, walikuja kupika, na hapa kwetu kila mmoja huja na kitu kutoka jikoni mwake. Nilitumwa nilete majani chai kwa meza ya hemani. Pale mezani zilikuwa zimepangwa chupa. Zile zile, na vifuniko vyao vya bati, lebo zimeoshwa. Chumvi, pilipili, majani, iliki, mafuta ya kupikia. Nyingine ilikuwa na sindano na vifungo, sijui nani aliileta kwa jikoni.

Jirani anayetuuzia maziwa aliniuliza mbona nimeganda. Nikamuuliza, "Kwani hizi hamkuwa mnatupa?"

"Nitupe chupa iko na kifuniko? Kwani mimi ni mwendawazimu?" Wengine wakacheka polepole, vile watu hucheka matangani. "Shosho yako ndiye alituambia, yenye iko na kazi nyumbani kaa nayo. Yenye haina kazi ndiyo irudi kwa kreti."

Nikasema nilimsomea ripoti, mbona hakuniambia?

Yule jirani aliweka mwiko chini. "Tulimuuliza hivyo. Akasema ulisoma kwa sauti, kurasa zote, na hujawahi. Akasema hawezi kukukatiza."

Niliingia jikoni kwetu. Kwa rafu kulikuwa na chupa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ile yetu ya chumvi ilikuwa pale mezani, mahali inakaa siku zote. Ndiyo niliyochotea ile chumvi ya yai.

Wiki mbili baadaye nilienda Nakuru peke yangu, mpaka duka la mwenye mafuta. Nilikuwa nimeandika maneno kwa karatasi ila nikaiacha mfukoni. Nikamwambia ripoti yangu haikuwa kweli, kwamba sikuuliza mtu. Alisema paketi za mwaka mzima zimeshachapishwa, na kwamba angetamani angejua mapema. Halafu akauliza, taratibu, shosho alikuwa na chupa ngapi.

Sikuwa nimezihesabu. Nikaanza kumtajia. Ya chumvi. Ya majani. Ya mbegu za malenge. Ya mbegu za maharagwe, mbili. Ya dawa ya magoti. Ya vifungo vya koti la guka. Ya meno yangu ya utotoni.

Akavuta stuli, akakaa.