Baba Alivyotufungia Chakula cha Mchana

Baba yangu alikuwa mpishi. Kwa miaka mingi alipika kwenye nyumba ya mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Irente, nasi tulizoea kumwona mwisho wa mwezi tu, akija na mkate mkononi na harufu ya moshi wa mikaratusi kwenye koti lake. Miaka michache baada ya Uhuru yule mzungu aliuza ng'ombe wake, akafunga masanduku, akaondoka na mkewe. Baba akarudi nyumbani jumla, na kisu kimoja kizuri na aproni mbili nyeupe.

Mama naye alikuwa amemaliza mafunzo ya uuguzi, akapata kazi kwenye zahanati ng'ambo ya bonde. Ili awahi kazini ilimbidi atoke nyumbani ukungu bado umelalia mashamba ya kabichi. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulitoka nyuma yake kidogo, kwa sababu shule yetu ilikuwa chini bondeni, mwendo wa saa nzima kwenda, na kurudi ni zaidi, maana kurudi ni kupanda. Hakuna kati yetu aliyeweza kurudi nyumbani mchana kula. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza mama alipoanza kazi, baba aliamka kabla ya wote, akawasha moto, akaanza kutufungia chakula. Hakuulizwa wala hakutangaza.

Alikuwa na namna yake. Kwanza alipitisha jani la mgomba juu ya moto, taratibu, mpaka likabadilika rangi na kulegea kama kitambaa, ili lisipasuke likikunjwa. Kisha alipanga. Viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, visikauke. Maharage yaliyopondwa na kitunguu, yakafinyangwa madonge madogo. Mnavu uliokaangwa na karanga, ukakamuliwa maji yasije yakalowesha viazi. Vipande vya karoti mbichi. Msimu wa plamsi aliweka plamsi moja au mbili, lakini hizo zilifungwa peke yake, kwa sababu, alisema, tunda halipendi kulala na kitunguu. Alifunga yote kwa kamba ya mgomba. Uji wa mtama alitia kwenye chupa, akaiziba kwa gunzi la hindi.

"Kila mfuko wa chakula uwe na mambo matatu," alituambia. "Cha kukushibisha, cha kukujenga, na cha kukulinda. Kimoja kikikosekana, umebeba mzigo tu."

Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, hakupendezwa hata kidogo. Alikaa kwenye kigoda chake kando ya moto, akamtazama mwanawe akikunja majani, na kila siku alimwambia kwa Kisambaa maneno yaleyale.

"Kule ulipika kwa mshahara. Hapa unampikia mke."

"Na wewe pia nakupikia, mama," baba alijibu.

"Mimi nimekuzaa. Hiyo ni haki yangu."

Ukweli ni kwamba mama hakujua kupika. Alikuwa na mkono mwepesi kwa wagonjwa na mzito kwa vyungu. Maharage aliyapika mpaka yakashika sufuria, na bada, ule ugali wetu wa muhogo, aliusonga ukatoka na madonge kama mawe ya mtoni. Yeye mwenyewe alijua, na alicheka. Lakini kijijini habari za baba zilisemwa kwa namna nyingine. Dukani nilisikia wanaume wakiulizana kama ni kweli kwamba siku hizi nyumbani kwetu sketi inavaliwa na mwenye ndevu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilinunua kibiriti nilichotumwa, nikatoka bila kuchukua chenji, na barabara nzima masikio yaliniwaka moto.

Nilikuwa darasa la tano wakati huo. Azimio lilikuwa limeshatangazwa, na shuleni tuliimba na kulima kwa zamu, maana elimu sasa ilikuwa ya kujitegemea. Mwaka huo tuliletewa mwalimu mpya wa kike, mgeni kutoka Upareni, aliyetufundisha sayansi na afya. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa, na hakupenda kukaa ofisini. Mchana mmoja alishuka uwanjani tulipokuwa tunakula, akapita akitazama kila mtoto ameleta nini.

Wengi walikuwa na muhogo mkavu uliopoa tangu jana. Wengine hindi la kuchoma. Wachache hawakuwa na kitu, walikunywa maji bombani na kujifanya wanacheza. Mwalimu alipofika kwangu alichuchumaa, akachukua jani langu lililofunguliwa, akalitazama muda mrefu. Halafu akasimama nalo, akalinyanyua juu.

"Njooni muone wote. Hiki ndicho nilichowaeleza juzi ubaoni. Kipo chote hapa, na hakuna kilichonunuliwa dukani isipokuwa chumvi." Akanigeukia. "Nani amekufungia?"

Darasa zima lilikuwa limenizunguka. Kutoka kitongoji chetu nilikuwa mimi peke yangu katika darasa lile, hakuna mwingine aliyejua mambo ya nyumbani kwetu.

"Mama," nikasema.

Neno hilo lilitoka jepesi, kama la mtu anayetaja siku ya wiki. Mwalimu akatabasamu, akanirudishia chakula changu. Nilikula harakaharaka, nikalikunja jani.

Nilidhani yameishia hapo. Siku ya Jumatatu mwalimu alinipa barua iliyofungwa, nimpelekee mama. Nilikaa nayo siku mbili ndani ya daftari la hesabu, nikiomba ipotee yenyewe. Siku ya tatu mwalimu aliniuliza jibu liko wapi, nami nikaona sina pa kukimbilia. Jioni hiyo, mama alipokuwa amenyoosha miguu yake karibu na moto, nikampa.

Aliisoma kwa sauti, wote tukisikiliza. Mwalimu alimsalimu, akamsifu sana kwa namna anavyolisha watoto wake, akamwomba aje shuleni siku ya mkutano wa wazazi awafundishe akina mama wenzake kufunga chakula cha mchana chenye afya.

Mama aliishusha barua. Kicheko kilianza chini kabisa tumboni kikapanda, mpaka akashika ukuta.

"Mimi! Mimi niliyeunguza uji! Niwafundishe nini, kuzima moto?"

Mdogo wangu alicheka naye. Baba alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akaendelea kuchambua. Mama akafuta machozi, akanitazama, na kicheko kikamwishia usoni.

"Mwalimu alikuuliza nani anakufungia chakula?"

"Ndiyo."

"Ukamwambia nani?"

Nilichukua ukuni mmoja, nikausukuma motoni. Bibi ndiye aliyenijibia.

"Mtoto ana akili," alisema. "Amemsitiri baba yake."

Baba aliweka ungo chini. "Kunisitiri?" aliuliza polepole. "Kwani nilikuwa uchi?"

Baba akachukua ungo tena, akaendelea na maharage yake punje kwa punje, na mimi nikaenda kulala bila kuambiwa. Kesho yake asubuhi nilitegemea kukuta moto haujawashwa. Nilikuta mfuko wangu umefungwa kama kawaida, kamba imekazwa vizuri, na ndani, nilipoufungua mchana, madonge ya maharage yalikuwa matano badala ya manne. Afadhali angenichapa.

Mama alimjibu mwalimu kwa mistari miwili tu: atakuja, na atakuja na mtaalamu wake.

Siku ya mkutano tulishuka bondeni sote watano. Bibi alikataa kubaki, alisema kama mwanawe anakwenda kuaibika basi lazima awe na mtu wa kumrudisha nyumbani. Baba alibeba kikapu chenye sufuria ndogo, kisu chake, na majani ya mgomba yaliyokunjwa kama magazeti. Alikuwa amepiga pasi aproni moja, lakini hakuivaa, aliificha chini ya majani.

Wazazi walikuwa wengi, akina mama mbele kwenye madawati na wanaume nyuma wakiegemea madirisha. Mwenyekiti wa kijiji alizungumza kwanza, kwa kirefu, kuhusu kazi na umoja. Kisha mwalimu akamwita mama yangu mbele, akamsifu upya. Nilikuwa nimesimama mlangoni na wanafunzi wenzangu. Nilitamani ukungu uingie ndani uifunike ile shule yote.

Mama aliwasalimu wakubwa shikamoo, akasalimu na wengine. Halafu akasema, "Ndugu wazazi, nimeitwa hapa kwa makosa. Mimi kazi yangu ni kufunga vidonda. Anayefunga chakula nyumbani kwetu ni yule pale mwenye kikapu."

Kikazuka kicheko. Hakikuwa kidogo. Wanaume wa nyuma walipiga viganja kwenye madirisha, na mmoja akapiga mluzi. Mwalimu alinitupia jicho moja, nikatazama vidole vyangu vya miguu. Baba alikuja mbele. Kifuniko cha sufuria kikagongagonga alipoweka kikapu juu ya meza. Akavuta aproni, akaivaa, akafunga mkanda kwa nyuma bila kutazama, kama alivyofanya maelfu ya asubuhi kwenye jiko la watu wengine. Akaomba aletewe jiko la mkaa. Akachukua jani, akalipitisha motoni taratibu, kama nyumbani.

"Jani bichi linapasuka," alisema. "Mtu akilikunja kwa nguvu, linazidi. Lipashe moto kwanza, litakutii."

Wanawake wakaacha kucheka, wakasogea. Hilo la kupasha jani wengi walilijua, lakini hawakuwahi kuona mtu akilifanya kwa utaratibu ule. Aliwaonyesha mpangilio, kikavu na kikavu, chenye maji peke yake. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliuliza, "Baba, maharage yangu yanachacha kabla ya mchana. Nifanyeje?"

"Unayafunga yakiwa ya moto?"

"Ya moto, ndiyo, ili mtoto ayakute na joto."

"Hayatafika na joto, yatafika na jasho. Yaache yapoe kabisa, ndipo uyafunge."

"Na chumvi waambie!" bibi alipaza sauti kutoka kwenye dawati lake. "Huwa unatia nyingi!"

Watu wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Baba akainamisha kichwa kwa adabu, akasema mama yake amesema kweli, chumvi iwe kidogo. Ndipo mwanamume mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti ya mzaha, "Na mkeo je, akirudi nyumbani anafanya nini?"

"Anakaa," baba alisema. "Anarudi amechoka. Wewe ukirudi umechoka unafanya nini?"

Akina mama walipiga vigelegele mpaka mwenyekiti akagonga meza. Baba alifunga mifuko kumi, ikawekwa kwenye rafu ya darasa, na ilipofika mchana ikafunguliwa mbele ya wote. Hakuna iliyochacha. Mwenyekiti alionja mfuko wa kwanza kwa niaba ya kijiji, kisha akaonja wa pili, na huo hakusema ni kwa niaba ya nani.

Tuliporudi, mama na bibi na mdogo wangu walitangulia. Mimi nilibaki nyuma na baba kwa sababu ya kikapu, tukakishika kila mmoja upande wake. Tulipopumzika kwenye kona ya kwanza ya mlima nikamwambia, "Baba, nisamehe."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa watakucheka."

"Wamenicheka?"

"Wamekucheka."

"Nami nipo," alisema. Akatazama bondeni kidogo, watu wakitawanyika uwanjani wadogo kama siafu. "Siku nyingine ukiulizwa, sema. Kama ni aibu niachie mimi, ni yangu, nitaibeba. Usinibebee."

Nikasema nimesikia. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuungama, niliona nimalize kabisa. "Baba, na zile karoti..."

"Karoti zimefanya nini?"

"Sizili. Huwa nabadilishana na rafiki yangu kwa hindi."

Alinikodolea macho. Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake, akaketi juu ya tuta la kukinga maji la shamba la mtu na kuniambia nimesababisha mtoto wa watu aone vizuri gizani kwa jasho lake yeye, baba yangu.

Muhula uliofuata shule ilitenga kipande cha shamba kwa ajili ya mboga na maharage, na wazazi wakakubaliana kwamba asiwepo mtoto wa kunywa maji tu mchana. Baba alishuka bondeni kila Alhamisi kusimamia sufuria. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," naye kwanza aliwasahihisha kwamba yeye ni mpishi, baadaye akazoea. Mwalimu wetu wa afya alinipa adhabu ya kumwagilia bustani wiki mbili kwa ule uongo, na nilimwagilia. Karoti za bustani ile zilitoka tamu kuliko za nyumbani. Hizo nilizila.