Révérien na Walinzi wa Nyumba

Kwa miaka mingi kazi ya Révérien ilikuwa kufungua geti ambalo si lake. Alikuwa mlinzi kwenye estate moja ya Midrand, zile za ukuta mrefu wenye nyaya za umeme juu yake, na siku nzima aliinua kizuizi gari likija, akakishusha likishapita. Wenye magari wengine walimpungia mkono, wengine hawakumwona kabisa. Jioni alipanda teksi, ndizo daladala za Johannesburg, akarudi Hillbrow, kwenye chumba alichopanga na mkewe Victoire, juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na haikuzikwa. Alikuwa Mrundi wa mkoa wa Ngozi, mkimbizi, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, mume wa mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo laini. Ungeambiwa umtaje mtu mmoja Johannesburg ambaye hawezi kuwa kuhani wa miungu ya Warumi wa kale, ungemtaja yeye, na ungekuwa umekosea.

Mambo yalianza kwa hofu ya uchawi. Alfajiri moja, siku ya kwanza ya mwezi, akamwona mama mmoja wa Kizungu, mkazi wa humo ndani, anakuja kwa miguu, shuka jeupe kichwani na bakuli mkononi. Jina lake Hester, mwalimu mstaafu, mtu asiye na makuu. Akamwaga maziwa kidogo chini ya nguzo ya geti, akaweka kipande cha keki, akasimama kimya. Nywele zilimsisimka Révérien. Kwao mtu akimwaga kitu mlangoni pako kabla jua halijachomoza, unamtafuta padri upesi. Akajikaza, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha kazini kama geti lina tatizo.

Hester hakumcheka. Alimweleza kwamba Warumi wa zamani walikuwa na mungu wa milango, Janus, mwenye nyuso mbili, mmoja unatazama ndani na mwingine unatazama nje. Sala zao zilianza kwa kumtaja yeye. Hata mungu mkuu, mwenye radi, alisubiri zamu yake. Alimweleza pia kwamba wako watu leo, wachache na waliotawanyika, wanaoirudisha ibada ile, na kwamba yeye ndiye kuhani wa kikundi chao kidogo cha hapa.

"Huyo Janus anasimama hapo hapo unaposimama wewe," akamwambia, halafu akarudi zake ndani kunywa chai.

Révérien alirudi kwenye kibanda chake cha ulinzi. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kitu kitakatifu kinaweza kusimama kwenye kibanda kile, chenye feni mbovu na kalenda ya duka la matairi. Alijua utakatifu uko altareni, mbele, kwa watu waliovaa vizuri. Siku hiyo aliinua kizuizi taratibu, kwa mikono miwili na kwa adabu zote, mpaka dereva mmoja akampigia honi na kumuuliza kama amelewa.

Ndivyo alivyoanza kujifunza, kwanza kwa maswali ya getini, baadaye kwa kukaa Jumapili mchana kwenye bustani ya Hester. Alifundishwa kunawa mikono kabla ya kusema neno. Alifundishwa kufunika kichwa kwa nguo ili jicho lisione baya wakati wa tambiko, na kwamba lazima filimbi ipigwe ili sikio lisisikie baya. Akajifunza kuweka ubani juu ya makaa, kunyunyiza unga uliochanganywa na chumvi, kumtanguliza Janus na kumalizia kwa Vesta, bibi wa meko. Akaambiwa kwamba kizingiti kina mwenyewe, bawaba ina mwenyewe, na ubao wa mlango nao una mwenyewe. Jambo hilo lilimnyima usingizi, kwa furaha. Alipokuwa akiteremka asubuhi kwenda stendi ya teksi, akipita vizingiti vya wauza nyanya na wasusi, alihisi amekuwa kipofu muda wote huo. Jiji ambalo kwake lilikuwa la wezi na polisi tu, kumbe lilikuwa na wenyewe kila pembe.

Lakini waliomshika moyo hasa ni Lares. Hao ni walinzi wa mahali watu wanapoishi: wa nyumba, wa meko, wa njia panda. Hawasafiri. Wanakaa na mahali pao na kuwatunza walio hapo. Révérien aliposikia habari zao aliuliza swali ambalo Hester hakulitegemea. Je, mtu aliyekimbia kwao anao? Wa Ngozi amewaacha, na wa huku hawamjui. Sasa yeye analindwa na nani?

Hester alikiri kwamba hajui. Alisema jambo la namna hiyo huulizwa wenyewe.

Tangu hapo, mafunzo yale hayakuwa tena udadisi wa mlinzi aliyechoshwa na geti. Révérien alikuwa mgeni kambini Tanzania, mgeni Lusaka, mgeni Johannesburg. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa jembe kila alikokwenda, akalima, na bado akaitwa mgeni. Na utaratibu wa kikundi cha Hester ulikuwa kwamba kuhani hana budi awe na meko yake mwenyewe. Mtihani wake wa mwisho ungekuwa kuongoza tambiko nyumbani kwake, mbele ya mashahidi, na kuwaita Lares wa nyumba hiyo. Wakimpokea, atakuwa kuhani. Yeye moyoni alitaka kikubwa zaidi ya ukuhani: alitaka kujua kama kuna mahali duniani panamtambua.

Victoire alikubali kwa masharti. Wageni wakija atapika, maana mgeni ni mgeni hata akiabudu kijiko, lakini yeye hatapiga goti na hatagusa ule unga. Kanisani akina mama walikuwa wamemwambia kwamba mumewe ni mkataa kwao, na mkataa kwao ni mtumwa. Aliwajibu kwamba kwao kwenyewe kulichomwa moto, labda wao wanajua kulikobaki. Alimtetea nje, akamtesa ndani.

Na cha kumtesea alikuwa nacho. Hester alikuwa amesema sala inaweza kuwa kwa lugha yoyote, ila majina yasikosewe, kwa sababu jina ndilo mlango. Ukikosea, unarudi mwanzo, unanawa upya. Révérien alichagua Kiswahili. Kirundi alikiogopa, kilikuwa na wafu wengi mno. Sasa Victoire alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na Kiswahili chake kilinyooka. Mumewe alikulia milimani, ambako L haina kazi, na ulimi wake ulizoea R peke yake. Akisema anakwenda kula, Victoire alimuuliza ni uchaguzi wa chama gani, maana yeye amesikia kura. Sasa mtu huyo alitakiwa kuwaita Lares, jina lenye L na R zimekaa jirani. Alifanya mazoezi kibandani wiki nyingi: lori, lulu, limau, Lares. Wakati mwingine lilitoka sawa, na siku hiyo alifurahi mpaka usiku.

Siku yenyewe ikafika, Jumapili mchana. Hester alizipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, na nyuma yake alikuja Thandeka, nesi wa Tembisa, mpiga filimbi wa kikundi. Inès, binti wa Révérien na Victoire, alikuwa kwenye kwaya kanisani. Victoire aliwakaribisha wageni kwa heshima, akawapa maji, kisha akajificha nyuma ya pazia la upande wa jikoni, kwenye wali wake. Chini, teksi zilipiga honi na kanisa la ghorofa ya kwanza lilikuwa limefungulia spika zote. Thandeka akashusha pumzi, akaanza kupuliza filimbi yake dhidi ya Hillbrow nzima.

Révérien alinawa. Akajifunika kichwa. Chetezo kilikuwa mezani, makaa yamekolea. Hester alikuwa amemwambia afungue sala kama watu wa kwao wanavyofungua mlango, kwa hiyo alifungua kwa hodi.

"Hodi, Janus, mwenye mlango. Hodi, walinzi wa nyumba hii, Rares..."

Hester aliinua kidole. Hakukasirika, ndivyo utaratibu ulivyo. Révérien akafunua kichwa, akanawa, akajifunika, akaanza upya. Safari hii aliikamata L kwa nguvu zake zote, na kwa kuishikilia sana ikaja na nduguye: Lales. Kidole kikainuka tena. Mara ya tatu jasho lilikuwa linamtiririka, sauti imekauka, na herufi zile mbili zikabadilishana viti kabisa. Rales.

Filimbi ilikoma. Révérien alijifunua kichwa, akaikunja ile nguo vizuri, pindo juu ya pindo, akaiweka mezani. Hester akamwambia aanze tena, hakuna haraka, watu wa kale walirudia tambiko hata siku nzima. Akatikisa kichwa.

"Kwetu hodi ni mara tatu," alimwambia. "Usipojibiwa, unaondoka."

Hester alijaribu kumweleza kwamba sheria hiyo haimo katika mafunzo. Lakini Révérien alikuwa ameshasikia jibu lake. Amewaita wenye mahali mara tatu, kwa adabu aliyolelewa nayo, nao wamekaa kimya. Ilimuuma mno, kwa sababu aliwaamini kabisa. Asingeumia kama angewaona ni hadithi tu. Akaanza kukusanya vitu, unga, ubani, kikombe cha mvinyo.

Pazia likavutwa. Victoire alisimama pale na mwiko mkononi.

"Baba Inès, hiyo hodi unampigia nani?"

"Wenyeji," akasema Révérien bila kumtazama.

"Wenyeji wa nyumba ya nani?"

Hester na Thandeka hawakujua Kiswahili, lakini waliona linalosemwa ni zito.

"Inès nilimzaa humu, lifti imekufa na gari la wagonjwa halikuja," Victoire alisema. "Habari ya msiba wa mama yako ilikukuta humu, ukalia hapo hapo uliposimama. Mimi hao watu wako siwajui, na Jumapili ijayo niko kanisani, usinielewe vibaya. Lakini mtu hapigi hodi kwake. Akipiga, walio ndani watajua ni mgonjwa wa akili. Ingia tu."

Akarudi kwenye wali.

Révérien alisimama akitazama sakafu ile, sementi iliyopasuka ambayo alikuwa ameiziba mwenyewe, akaiziba tena, kila mvua zilipopita. Hofu ikamwingia, lakini haikuwa hofu ya kukataliwa. Ilikuwa hofu ya mtu anayegundua kwamba alipokuwa akizunguka dunia kutafuta wa kumfungulia, walio ndani walikuwa wamekaa wanamsubiri, wanashangaa anagonga nini. Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Alikwenda kwenye beseni akanawa, polepole. Akaikunjua ile nguo, akajifunika. Akamwashiria Thandeka, na filimbi ikaanza.

Hakupiga hodi. Alimwambia Janus kwamba anaingia. Halafu, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyerudi kutoka kazini na kujua kwamba waliomo chumba cha pili wanamsikia, akawaambia walinzi wa nyumba hii kwamba ni yeye. Akawaita kwa jina lao.

Hester baadaye alisema alisikia L safi. Thandeka aliapa ni R. Révérien mwenyewe hakujua, wala hakusikiliza, kwa sababu wakati huo chumba kilijaa. Unaingia mahali penye giza, hujaona kitu, na unajua kabisa kuna mtu; ndivyo ilivyokuwa, ila ilikuwa mchana kweupe na hawakuwa watu. Walikuwa kwenye kizingiti, kwenye bawaba, kwenye ukuta aliougongelea misumari, na walikuwa wanamfahamu. Akanyunyiza unga wa chumvi juu ya makaa, na mwali ukasimama mrefu, ukatulia. Alimtazama Hester. Kidole cha Hester kilikuwa mapajani, kimeshikwa na mkono wa pili, na mama huyo, aliyewafundisha wengi, alikuwa ameinamisha kichwa.

Ilibaki kusema anayeomba ni nani. Katika mazoezi yote ya kibandani alikuwa akisema yeye ni mgeni wao.

"Ni mimi Révérien," akasema. "Wa hapa."

Nyuma ya pazia mwiko ulinyamaza. Victoire akafanya ishara ya msalaba, kisha akaitikia kwa niaba ya nyumba nzima.

"Eeh. Wa hapa."