Kichuguu cha Jirani

Mama mkwe wangu alimnunia mwanawe kiangazi kizima, na sababu ilikuwa kichuguu. Mwanzoni nilidhani sababu ni mimi. Nilikuwa bibi harusi wa juzi, mtoto wa dukani Kasulu, sijui hata kushika jembe vizuri, na mgeni ndiye husingiziwa kwanza. Nilipogundua kwamba ugomvi ni wa mchwa nilimshukuru Mungu, kisha nikaenda jikoni nikacheka peke yangu.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya upande wa Busunzu. Watu waliozoea kukaa kila mmoja na migomba yake waliambiwa waje wajipange kwa mistari. Mume wangu alikuwa amesoma kidogo, akapewa kazi ya kushika kamba ya kupimia viwanja. Ilikuwa kazi ya heshima na ya balaa, maana kila aliyepangiwa kiwanja cha mawe alimtazama kwa jicho baya. Basi alipofika kwenye kiwanja kizuri chenye kichuguu kikubwa kuliko jiko letu, akaogopa watu watasema anampendelea mama yake. Akampa kiwanja kile mjane mmoja aliyekimbilia kwetu kutoka Burundi. Cha jirani, tambarare, safi kabisa, ndicho alichompa mama yake. Akarudi nyumbani kifua mbele akingoja sifa.

"Umenipa uwanja wa mpira," mama yake akamwambia.

"Mama, mchwa wangekula nyumba yako."

"Nyumba yangu ya kwanza haikuliwa na mchwa. Ilibomolewa na watu."

Mume wangu akatafuta koti lake akatoka. Tangu siku hiyo mama mkwe hakumsemesha. Akitaka kumwambia kitu alinituma mimi, hata kama wamekaa benchi moja. "Mkamwana wangu, mwambie mumeo chumvi imekwisha." Na mimi nageuka, namwambia mume wangu ambaye amesikia kila neno, naye ananijibu mimi. Nilichoka.

Ilibidi nielezwe kichuguu kina nini. Kwetu dukani, mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi walijaa kwenye taa ya karabai, na bibi yangu mzaa baba, ambaye watu wake walitoka pwani, aliwafagia nje huku akiguna. Sikujua kwamba tulikuwa tunafagia kitoweo. Huku kichuguu ni mali ya mtu, kina mwenyewe, kinarithiwa kama shamba. Mchwa wanapoota mabawa huitwa kumbikumbi kwa Kiswahili na iswa kwa Kiha, na siku wanapotoka nyumba nzima inashiba. Hawahitaji hata mafuta, wanakaangika kwa mafuta yao wenyewe. Kuvuna kwenye kichuguu cha mwenzako bila ruhusa ni sawa na kuingia jikoni kwake ukafunua chungu.

Sasa mama mkwe akatoa neno. Siku iswa watakapotoka, yeye atakuwa kwenye kichuguu chake kule alikotolewa, ng'ambo ya bonde, mwendo wa asubuhi nzima. Na akishafika, harudi.

Hakuwa mtu wa maneno ya bure. Kule nyumba haina paa, nguruwe pori wamechimbua kila kitu, na mgambo walikuwa wakizunguka kuwarudisha wanaotoroka. Mume wangu alikosa usingizi, mpima viwanja ambaye mama yake mwenyewe amekikataa kiwanja. Lakini aliyeogopa zaidi ni mimi. Nilikuwa na mimba ya kwanza, mama yangu mzazi alikwishafariki, na mtu niliyemtegemea anishike siku ya uchungu ni yule yule aliyekuwa akifunga virago moyoni. Usiku nilikuwa nalia kimya kimya, halafu asubuhi nampikia uji kama kawaida.

Mimba ile ndiyo iliyonipeleka kwa mjane. Nilipatwa na hamu ya udongo. Si udongo wowote, maana ule wa sokoni tunaouita pemba niliuona kama chaki. Niliutaka udongo wa kichuguu, ule unaonukia manyunyu yakipita. Nikazunguka nyuma ya uzio kama mwizi, nikabanua kipande, nikatafuna. Nilipoinua macho, mjane alikuwa amekaa palepale na kiko chake mdomoni, ananitazama.

"Amahoro," akasema, akinisalimu kwa Kirundi. Kisha akanyoosha mkono akanibanulia kipande kingine, kikubwa zaidi.

Alikuwa rika la mama mkwe, mwembamba, na Kirundi chake na Kiha cha huku vinasikilizana, ila mimi niliyekulia Kiswahili cha dukani nilikuwa naambulia nusu. Akanionyesha pale nilipobanua. Mchwa walikuwa wameshafika na tope mdomoni, wanaziba. "Hawa hawaoni," akaniambia. "Vipofu wote. Na hakuna anayewasimamia." Nikafikiria mikutano ya kijiji, ambapo watu wenye macho mawili walikuwa wamebishana wiki nzima shimo la choo lichimbwe wapi.

Nikaenda kumsimulia mama mkwe, huku nimejifuta mdomo. Hakuuliza nimejulia wapi. Alinusa tu, akanitazama juu chini, akasema, "Mwambie huyo jirani yako kwamba hiyo kila mtoto anaijua. Muulize kama anajua uyoga unaoota kichuguuni unatoka wapi."

Hapo ndipo mashindano yalipoanza, na mimi nikawa posta. Wale wazee wawili hawakuwa wamesemezana hata siku moja, uzio wa mabua kati yao, lakini walibishana kupitia kwangu mwezi mzima. Mama mkwe alisema uyoga ni shamba la mchwa. Wanakusanya majani makavu, wanayatafuna, wanatengeneza bustani chini ya ardhi, wanalima uyoga wao na kuula, na ule tunaookota sisi ni masalio. Mjane akasema si kweli, uyoga ni jasho la kichuguu. Nikarudi na jasho. Mama mkwe akaguna.

Halafu mjane akatuma hoja ya malkia. Ndani kabisa, alisema, kuna chumba kigumu, na humo amelala jike mkubwa kama kidole, mweupe, hawezi hata kugeuka, anataga usiku na mchana. Na ubavuni kwake yupo mume, mdogo, mweusi, ambaye haondoki maisha yake yote. Mama mkwe akasema huyo si mume, huyo ni askari. "Nyuki dume akishaoa anakufa palepale," akasema. "Mchwa awe nani hata akae na mkewe?" Nikamtazama mume wangu, ambaye siku hizo kutwa yuko na kamba yake, na nikajikuta niko upande wa mjane.

Leo nina mjukuu anayesoma sayansi, nimemuuliza. Kumbe mama mkwe alishinda kwenye uyoga, na mjane alishinda kwenye mume. Mfalme na malkia wa mchwa huoana mara moja, wakakaa chumba kimoja miaka na miaka. Mjukuu akaniongezea kwamba mchwa si ndugu wa siafu wala sisimizi kama tulivyodhani, ndugu zake ni mende. Nimekula kumbikumbi maisha yangu yote na mende nimewaua maisha yangu yote. Nilikaa kidogo, nikaamua kwamba ukoo ni mkubwa na kila mtu ana ndugu wa kumficha.

Mvua zikaja. Mchana mmoja ilinyesha kidogo, ikakatika, jua likawaka juu ya matope na hewa ikawa nzito ya kushikika. Mama mkwe akatoka nje, akatazama juu, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na mzigo kichwani.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Mama yake akampita. Mimi nikamfuata nyuma, tumbo mbele, nikisema, "Mama, bonde linateleza. Mama, nani atanishika mimi?" Akasema bila kugeuka kwamba wakunga wapo wengi. Maneno yale yaliniuma mpaka leo nikiyakumbuka yananichoma.

Njia ya kutokea kijijini ilipita mbele ya kiwanja cha mjane. Mjane alikuwa ameshafunga fito juu ya kichuguu, amezifunika kwa mikeka na majani ya migomba, ameacha tundu upande wa jua na chini yake amefukia chungu, ili wadudu waufuate mwanga wadondokee humo. Sasa alikuwa amekaa chini, ameweka ubao juu ya ardhi, anaupiga kwa vijiti viwili. Hivyo ndivyo kumbikumbi wanavyoitwa watoke, unawapigia mvua, nao wakisikia mtikisiko juu ya dari lao wanaamini mvua imefika. Lakini alipiga, akapiga, na hakuna kilichotoka.

Mama mkwe akapunguza mwendo. Akasimama. Niliona vidole vyake vinacheza kwenye kanga. Alijizuia kadiri ya uwezo wake, nampa haki yake, halafu uzalendo ukamshinda.

"Unawapigia mvua au unawabembeleza walale?" akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa yule mwanamke.

"Kwetu ndivyo mvua inavyonyesha," mjane akajibu, na hakuacha kupiga.

"Huku hainyeshi hivyo. Inaanza tone moja moja, mtu anasema labda itapita, halafu inamwagika yote. Sogea."

Akautua mzigo, akachukua vijiti. Akapiga tone moja. Akangoja. Jingine. Akangoja tena, mpaka mimi mwenyewe nikatamani kuingia ndani nisilowe. Kisha akaimwaga mvua yote kwenye ubao ule, mikono haionekani, na mjane akaokota ganda la kibuyu akaingia naye kwa mdundo wa chini. Mimi ni mtoto wa harusi za Kasulu, nimesikia ngoma, lakini zile nilizisikia kwenye nyayo.

Wakatoka. Kwanza askari wenye vichwa vikubwa, wakichungulia, halafu wenyewe, wanasukumana, mabawa yanang'aa, wanaporomoka chunguni kwa fujo. Mjane akaguna kwa raha. Wakati huohuo watoto walikuwa wanapiga kelele kijiji kizima, maana vichuguu vyote vilikuwa vimefunguka, hata visivyopigiwa na mtu. Ndivyo walivyo, vichuguu vya eneo moja hutoa watu wao siku moja, ili vijana wa huku wakutane na vijana wa kule wasioane ndugu kwa ndugu. Mama mkwe hakutaka kulisikia hilo. Alisema kelele za ubao wake ndizo zilizowatoa wote, hata wale wa Kibondo mjini.

Tukakaa tunawala wabichi mmoja mmoja. Waliotuponyoka waliruka hatua chache, wakatua, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukitazama vizuri. Akishatua tu, kumbikumbi anayakwanyua mabawa yake mwenyewe, anayaacha palepale, anaenda kutafuta shimo kwa miguu.

"Hiki ni kidogo," mama mkwe akasema, mdomo umejaa. "Mngekiona changu, kule ng'ambo ya bonde."

"Mimi nilikuwa na vitatu," mjane akasema.

"Wapi?"

Mjane akaelekeza kidevu upande wa Burundi.

"Nani anavivuna sasa?"

"Sijui kama kuna aliyebaki."

Mama mkwe akaacha kutafuna. Tangu tuhamie alikuwa amelilia kichuguu kimoja, kwa sauti, kila asubuhi, kichuguu ambacho angeweza kukifikia kwa miguu kabla ya mchana, na huyu mwenzake alikuwa upande wa pili wa uzio wa mabua, anamsikiliza, na hakuwahi kusema neno. Nilimwona mama mkwe anainamisha kichwa. Alianza kumtoa mjane mabawa yaliyomganda kwenye nguo, moja moja, taratibu. Mjane akamwacha amtoe.

Baada ya hapo mama mkwe akainua uso, akamwona mwanawe amesimama mbali njiani, mikono inaning'inia. Hakunituma mimi.

"Usisimame kama mgambo," akamwambia. "Lete mkeka mwingine, hawa wanamwagika."

Mume wangu alikimbia, mtu mzima, mpimaji wa viwanja. Akarudi na mkeka, akainama kuutandika.

"Mwakani tuanze kufunga fito mapema," mama mkwe akamwambia mjane, kama sisi hatupo. "Na huyu wa tumboni atakuwa anatambaa. Itabidi tumfunge kamba, la sivyo atawamaliza wabichi."

"Tumfungie kwangu," mjane akasema. "Kwako hakuna hata kisiki."

Moyo wangu ulitulia, nikakaa chini kwenye matope. Mume wangu alibaki ameinama juu ya ule mkeka muda mrefu kuliko mkeka unavyohitaji. Aliposimama alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa shati, akasema kumbikumbi amemwingia jichoni.

"Yote mawili?" mama yake akamwuliza.