Tangazo la manispaa lililotunzwa mno: dirisha la kubadilishia hundi, Point, Durban

Wakuu, salaam. Haya niliyashuhudia kwa macho yangu, sijaongeza chumvi.

Nianze na hali ilivyokuwa kabla. Mwaka 2011 nilikuwa Durban nikisomea shahada ya uzamili, nimepanga chumba mtaa wa Point, karibu na bandari.

Baadhi ya viwanda vidogo vya Pinetown vilikuwa bado vinalipa vibarua kwa hundi. Wenzetu wengi wa Kongo na Burundi walikuwa na permit ya ukimbizi tu, na kwa karatasi ile kufungua akaunti benki ilikuwa shughuli pevu. Hundi unayo mfukoni, mkate huwezi kununua.

Papa Déo, Mkongo wa Bukavu, ndiye aliyekuwa jibu. Chini ya jengo letu alikuwa na dirisha la kubadilishia hundi. Kila Ijumaa alasiri mstari ulifika hadi kwenye robot (ndivyo huko wanavyoita taa za barabarani), watu wakila chipsi zenye siki na kutaniana kwa Kiswahili cha kila namna. Mimi Mtanzania nilijifunza katika mstari ule kusema "iko" bila aibu.

Tatizo ni kwamba jengo lile liliandikishwa kuwa la makazi. Kwa kanuni za matumizi ya ardhi, biashara ya namna ile ilihitaji kibali maalumu cha manispaa. Papa Déo hakujua hilo mpaka barua ilipomfikia: asimamishe kazi, aombe kibali, akikosa, afunge moja kwa moja.

Nikamsaidia kuandika maombi. Kanuni zenyewe nilizisoma mara tatu.

"Mwalimu anasoma karatasi ya manispaa sawa Biblia," aliwaambia watu, akinitania mimi. "Anatafuta Yesu mule ndani."

Sharti mojawapo lilikuwa hili: tangazo la maombi libandikwe nje, mahali ambapo jirani yeyote mwenye pingamizi ataweza kulisoma, kwa majuma matatu bila kukosekana hata siku moja, kisha afisa aje kukagua. Tulilibandika pamoja, kando ya dirisha.

Kisha Papa Déo akaenda kulinda magari South Beach, akilala hukohuko, ili apate kodi ya chumba. Mimi nikaenda Pietermaritzburg kupekua nyaraka za kale. Funguo tulimwachia Mama Zawadi, Mrundi, fundi cherehani wa chumba cha pili. Alishona sare za kampuni moja ya Pinetown, naye alilipwa kwa hundi. Hakuna aliyekiombea kibali kile kuliko yeye.

Nilirejea asubuhi ileile ya ukaguzi. Nilimkuta Papa Déo amesimama nje na afisa wa manispaa, mama mmoja mtaratibu. Ukuta ulikuwa mtupu.

Mama Zawadi akatoka mbio, uso umejaa furaha. Kutoka kwenye bahasha ya plastiki alimohifadhi permit yake, akachomoa tangazo. Halikuwa na mkunjo wala tone la maji.

"Angalia, dada. Iko safi. Karatasi ya serikali haiachwi inje kwa mvua."

Wakuu, mtu aliyewahi kuishi kwa permit atamwelewa. Karatasi ile ikilowa, wewe si mtu tena. Mama alilitunza tangazo kama alivyoitunza nafsi yake.

Afisa akaniomba nimuulize limekaa ndani tangu lini. Nikauliza.

"Toka siku ya pili," akajibu kwa fahari. "Sikulala nalo mbali."

Nikatafsiri, neno kwa neno.

Afisa akaandika. Alisema kwa upole kwamba maombi yameanguka, yaanze upya. Mwenye jengo hakuwa tayari kungoja mzunguko wa pili.

Jioni, Papa Déo alikuwa akifungasha. Mama Zawadi amekaa kwenye ngazi.

"Mama, wewe kweli polisi ya makaratasi," Papa Déo akamwambia. "Hata pasta hangeichunga vile." Mama akacheka huku analia. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe Mwalimu, leo ungesahau Kiingereza kidogo."

Kauli ile bado ninayo. Somo nililolipata ni kwamba nilimweleza sharti mwenye dirisha, nikasahau kumweleza mwenye funguo. Kuhusu tafsiri, sijafikia uamuzi hata leo. Mliowahi kukalimani mbele ya maafisa, ninyi mngejibuje? Nitasoma kila maoni kwa makini.

Papa Déo alipata chumba Pinetown, katika eneo la biashara, ambako kibali maalumu hakikuhitajika. Ijumaa ya kwanza Mama Zawadi alipanda taxi (daladala ya huko) na hundi yake, akawa wa kwanza dirishani.