Mlio wa Breki Mlangoni Petu

Enzi zetu Mji Mkongwe, baba wa mtu akijulikana kwa mlio wa chombo chake kabla hajabisha hodi. Wa kwetu tulimjua kwa breki ya nyuma ya pikipiki yake. Akikata kona tu ya kichochoro, breki inalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na sisi tulio barazani tukicheza mdako kwa vijiwe tunajua muhogo wa nazi unapakuliwa sasa hivi.

Bi Khole, jirani wa mbele, alichoka. "Baba Zuhura, breki yako yawaliza wajukuu zangu!" Mama alimsihi Baba aiache ilie. "Mimi nnakujua kwa hiyo," alimwambia. Lakini Baba alikuwa mtu wa haya. Siku moja baada ya Alasiri akalifungua gurudumu uani, akapangusa vumbi jeusi lililojaa ndani, akavisugua viatu vya breki kwa msasa, akapaka grisi kidogo pale vinapogeukia. Akauzunguka mtaa kuijaribu. Ikasimama kimya. Akaiingiza pikipiki ukumbini, akaenda kutia udhu.

Magharibi ikaingia. Wakubwa walikuwa wametufunza kuwa saa ile ukiitwa, usiitike "naam" mpaka umwone anayekuita. Mama alikuwa ndani anafukiza ubani. Mara nje, mbele ya mlango wetu, breki ikalia.

"Zuhura, mfungulie baba'ako!" Mama aliita, akidhani Baba bado hajarudi.

Zuhura, mdogo wangu, akakimbilia mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya pikipiki, pale pale ukumbini. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye komeo Baba alipotokea, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Mwanangu, usifungue," alisema taratibu.

Mlio ukasikika tena, ukaelekea mwisho wa kichochoro, ambako hakuna njia ya kutokea. Zuhura akaanza kulia. Mama akaja na chetezo mkononi, akamgeukia Baba.

"Nlikwambia uiache. Umeutupa mlio wako, umeokotwa."

Vijana wa leo wanatoboa ekzosi wasikike mpaka Mtoni, na bado hakuna anayejua nani kafika mpaka atume ujumbe: "Nshafika, fungua." Nawacheka, lakini nawaonea na huruma, maana hawana mtu wa kuwasikiliza kwa masikio.

Baba keshatangulia mbele ya haki, na nyumba ile sasa inapangishwa wageni. Juzi nilipita kuitazama. Binti wa mapokezi akanieleza, huku akichezea simu, kuwa kila Magharibi kuna breki inalia mlangoni.

"Na wewe hufanyaje?" nikamuuliza.

"Nnafungua, mjomba. Si kazi yangu? Nnafungua, nnasema karibu, wala sioni mtu."

Enzi zetu tulifunzwa mlango upi usifunguliwe, na saa gani. Huyu hakufunzwa. Nilirudi nyumbani sijui nimwogopee binti wa watu, au nishukuru kwamba, kama ni Baba, yupo bado anayemfungulia.