King'ora Changu cha Moshi Mbele ya Wageni wa Posa

Shule niliishia darasa la pili, lakini nyumba yangu ya Miburani nimeijenga mwenyewe, na king'ora cha moshi nimekifunga sebuleni kwa mkono wangu. Kila mwezi nakijaribu.

Juzi wakaja wazee kumposa binti yangu. Nilitaka wajue wanaoa kwa mtu makini, nikawaambia, "Moto ukitokea hapa, nawatoa ninyi wote kwanza."

Mke wangu akaingia na chetezo kuwafukizia udi. King'ora kikapiga kelele! Nikachomoka mbio hadi uani, peke yangu, kikoi nimekishika kisidondoke.

Mshenga akachungulia dirishani. "Mzee, huo ni udi tu! Na sisi umetuachia nani?"

"Lakini mmekisikia," nikamjibu. "Kizima hicho!"