Mzee Kero Asoma Wasifu

Elias Chenge alikuwa amechoshwa na vicheko vya watu, na hilo ni jambo la ajabu kulisema juu ya mtu anayekula kwa vicheko hivyohivyo. Lakini jaribuni ninyi. Jaribuni kung'olewa jino huku daktari amejishika mbavu. Jaribuni kumwambia fundi bomba kwamba nyumba inajaa maji, naye badala ya kushika spana anamwita mkewe aje asikie.

Mambo yalianzia Igoma, kwenye banda umiza, lile banda la mabati ambako filamu za Kichina zilioneshwa huku mtu mmoja akizitafsiri kwa kipaza sauti. Mtu huyo alikuwa Elias. Kichina hakujua hata salamu, kwa hiyo alitunga. Majemadari wakagombania kuku, wafalme wakalalamikia bei ya sukari, na watu wakawa hawaji tena kuangalia filamu, wanakuja kumsikiliza yeye. Hapo ndipo Chirag alipomkuta. Chirag, ambaye kwao wana duka la vitambaa mjini Mwanza, alikuwa mpiga picha wa harusi na maharusi walikuwa wamemchosha. Wakaanza kutengeneza vichekesho vifupi vya kwenye simu. Elias anaandika, Elias anaigiza, Chirag anashika kamera na kujizuia kucheka mpaka picha inatikisika.

Ndivyo alivyopatikana Mzee Kero, mzee asiyeridhika na kitu. Mvua ikinyesha, imechelewa. Ikikatika, imemdharau. Chai ikiwa ya moto anauliza nani anataka kumuua, ikipoa anauliza nani amemsahau. "Hivi mimi kwenu ni nani?" ndiyo kauli yake, na toka Kigongo hadi Magu hakuna mtoto asiyeweza kuiiga. Elias alijua fika kwamba mzee huyo amemtoa kichwani mwake mwenyewe, na alijivunia.

Tatizo ni kwamba tangu hapo hakuna aliyemwamini akikasirika. Kadiri alivyofoka, ndivyo watu walivyofurahi. Mtu unafika mahali unataka kulia, nao wanatoa simu wakurekodi.

Basi baba yake akafariki, mzee Ngosha Chenge, mkulima wa pamba kule Magu. Ukoo ukakaa, ukaamua Elias ndiye atakayesoma wasifu wa marehemu kabla ya maziko. Elias akamwendea baba yake mdogo, Malimi, aliyekuwa akisimamia msiba.

"Baba mdogo, shikamoo. Nawaomba, msinipe mimi hiyo kazi. Watanicheka."

"Marahaba. Wakucheke msibani, wana wazimu? Wewe ndiye mwenye mdomo katika ukoo huu. Utasoma."

Elias hakutaka makubwa. Alitaka siku hii moja tu baba yake azikwe kwa heshima, mbele ya mama yake, bila mtu kuonesha meno. Akauandika wasifu kavu kama tangazo la serikali, mambo ya kweli matupu, bila neno moja la kuchekesha.

Akasimama chini ya turubai, kando ya jeneza. "Marehemu alizaliwa hapahapa Magu," akasoma. Kimya. Akapata moyo. "Alisoma hadi darasa la nne, akaacha kwa sababu ya kutoelewana na mwalimu." Huko nyuma mtu akakohoa, na hakikuwa kikohozi. "Alijiunga na ushirika wa pamba, akajitoa kwa kutoelewana na karani wa mizani." Wanawake wakajifunika khanga usoni. "Aliongoza jumuiya yake kanisani, hadi alipotofautiana na kwaya."

Turubai zima likalipuka. Padri aliinama kama anayetafuta kitu miguuni. Chirag, aliyekuja toka mjini na suti nyeusi, alikuwa ameupa umati mgongo, mabega yanacheza.

"Jamani!" Elias akafoka. "Huyu ni baba yangu! Hamna hata haya? Hivi mimi kwenu ni nani?"

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Waliokuwa wamejikaza nao wakashindwa. Elias akaikunja karatasi yake na kumfuata mama yake, Paskazia, aliyekuwa ameketi mkekani, ameinama, anatetemeka. Akapiga magoti ili ambembeleze. Mama akainua uso. Machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka.

"Mama, hata wewe!"

"Hawakucheki wewe, mwanangu. Wanamcheka Ngosha. Kwani Mzee Kero ni nani? Magu nzima wanajua. Ulipoanza kuonekana kwenye simu za watu, walikuwa wanakuja mpaka mlangoni kwetu kumsalimia. Mzee Kero, shikamoo."

Elias akatazama jeneza. Mwalimu, karani, kwaya. Alikuwa ameyaandika yote kwa mkono wake na hakuona kitu. Aliona aibu, na hasira zikampanda upya, safari hii bila kujua amkasirikie nani.

"Baba naye alijua?"

"Alijua."

"Sasa mbona hakuniambia hata siku moja?"

Mama alikuwa ameacha kucheka. Akajifuta macho kwa pindo la khanga.

"Alikupigia simu, Elias. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Alikuambia unamdhalilisha, watoto wanamfuata njiani, akakuomba uache. Ulicheka sana. Ukamwambia arudie polepole, uandike." Akaligeukia jeneza. "Naye akarudia."